Viatu vya Stephen Curry kwenye saruji ya Mombasa: kipi cha kununua, kipi cha kuacha

Raba za Under Armour zenye jina la Stephen Curry, nyota wa basketi wa Marekani, zimejaa soko la Kongowea kuliko anavyodhani mtu asiyechakura mtumba. Zipo za 2015, zipo za juzi, na zipo feki zilizopakwa buluu na manjano ya timu yake, Golden State Warriors, ili kijana azione kutoka mbali. Mnunuzi hutazama jina, hutazama rangi, hujaribu mguu mmoja, hulipa. Baada ya miezi michache, wawili walionunua siku moja wana hadithi mbili: mmoja bado anacheza, mwenziwe anateleza kwenye saruji kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Na wote wawili walinunua Curry halisi. Walichosahau kuuliza ni habari ya sakafu.

Hukumu kwanza, maelezo yafuate. Anayecheza nje, kwenye saruji ya shule au ya mtaa, asinunue Curry 8 wala toleo lolote lililoifuata, hata akipewa kwa bei ya kutupa. Achukue toleo la 1 hadi la 7, na humo atafute la 6 au la 7. Au achukue zile za bei nafuu zinazoitwa 3Z. Anayecheza ukumbini, chini ya paa, kwenye sakafu inayopigwa mopu, huyo ndiye mwenye haki ya Curry 8 na wadogo zake. Kwa gadi (mchezaji anayeendesha mpira) anayekata kona na kusimama ghafla, sioni kiatu kinachokishinda hicho kwa kushika sakafu ya ndani.

Ili kukielewa kiatu, anza na mguu uliokizaa.

Curry alizaliwa 14 Machi 1988 mjini Akron, Ohio, mji uleule wa LeBron James, akakulia Charlotte ambako baba yake, Dell Curry, alikuwa mtupaji wa timu ya Hornets. Alikuwa mwembamba, dhaifu wa mikono. Hata leo kimo chake ni sm 188, ambacho kwetu ni mtu mrefu lakini kwenye NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, ni katika wafupi. Shule ya upili alikuwa akiusukuma mpira kutoka chini kwa kukosa nguvu, mpaka baba yake akaamua kiangazi kimoja kuubomoa mtupo wote na kuujenga upya ili mpira utoke juu ya kichwa. Kwa wiki kadhaa mtoto hakuweza kufunga isipokuwa karibu kabisa na ringi. Vyuo vikubwa vikamwacha. Akaenda Davidson, chuo kidogo cha North Carolina, na msimu wa 2007-08 akafunga mitupo 162 ya pointi tatu, rekodi ya vyuo kwa msimu mmoja, na Davidson ikafika nane bora za taifa. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Warriors wakamchukua wa saba.

Kisha vifundo vya miguu vikamsaliti. Kifundo cha kulia kilikuwa kikiteguka mara kwa mara, mara nyingine bila kuguswa na mtu. Mei 2011 alipasuliwa kurekebishwa kano. Msimu uliofuata alicheza mechi 26 tu, na Aprili 2012 akarudi tena kwenye meza ya upasuaji kusafishwa makovu na vipande vilivyobaki ndani ya kiungo. Mwaka huohuo Warriors walimpa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 44, bei ya chini kwa mchezaji wa kiwango chake, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kwamba kifundo kile kingedumu.

Wanaonunua raba wengi huipita sehemu hii mbio, na ndiyo yenye somo la kiatu. Dawa ya Curry haikuwa kola ndefu ya kukibana kifundo. Ilikuwa mambo mawili. La kwanza, wakufunzi wa Warriors walimfundisha kuondoka na kusimama kwa nguvu ya nyonga na makalio ili kifundo kisibebe mzigo wa kila kona. Alinyanyua vyuma mpaka akawa miongoni mwa wenye nguvu zaidi kwenye timu kwa kulinganisha na uzito wake. La pili, alivaa kifungio kigumu cha kifundo ndani ya kiatu, mechi baada ya mechi. Kwa hiyo mtu mwenye kifundo kilichowahi kuteguka, anayetafuta Curry ya kola ya juu akidhani ndiyo kinga, anaweka tegemeo pasipo tegemeo. Kola peke yake haijathibitika kuzuia kuteguka. Kifungio kimethibitika kupunguza kuteguka tena, hasa kwa aliyeumia hapo awali. Nunua kiatu, kisha nunua kifungio, na ukijaribu kiatu kijaribu ukiwa umekivaa kifungio hicho. Mara nyingi utahitaji nusu saizi zaidi.

Kutoka hapo rekodi zikaanza kuanguka. Mitupo 272 ya pointi tatu msimu wa 2012-13, 286 msimu wa 2014-15, halafu 402 msimu wa 2015-16, ambayo hakuna aliyeifikia mpaka sasa. Mwaka 2016 akawa wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa NBA kwa kura zote 131. Tarehe 14 Desemba 2021, Madison Square Garden, akaipita 2,973 ya Ray Allen na kuwa mtupaji wa pointi tatu nyingi kuliko wote. 13 Machi 2025 akawa wa kwanza kufikisha 4,000. Ubingwa mara nne: 2015, 2017, 2018 na 2022. Dhahabu ya Olimpiki Paris 2024, ambako fainali dhidi ya Ufaransa alifunga pointi 24, zote kwa mitupo minane ya mbali. Na kumbuka mstari wa NBA uko mita 7.24 kutoka kwenye ringi, ilhali wa FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ambao ndio wetu, uko mita 6.75. (Ukiupima wa uwanja wenu kwa futikamba ukapata 6.25, jua ulichorwa kabla ya sheria kubadilika 2010, na mazoezi yenu yote ya mbali yanawadanganya kwa nusu mita.)

Sasa tia akilini jambo moja. Ile 402 iliwekwa akiwa amevaa Curry 2, kiatu chenye soli ya chini ya mpira wa kawaida. Ile ya Madison Square Garden aliiweka akiwa na Curry 9, kiatu kisicho na soli ya mpira kabisa. Rekodi zote mbili ni zake, kwenye mbao. Kiatu kilibadilika, sakafu yake haikubadilika hata siku moja. Yetu siyo ile.

Raba ya kawaida ya basketi ina tabaka tatu chini: soli ya ndani unayoikanyaga kwa soksi, soli ya kati ya povu inayomeza kishindo, na soli ya chini ya mpira mgumu inayogusa ardhi. Curry 1 iliyotoka mwanzoni mwa 2015 ilikuwa hivyo, na ndugu zake wote hadi Curry 7. Desemba 2020 Under Armour wakatoa Curry 8 yenye povu linaloitwa Flow, na tabaka la tatu likaondolewa. Povu lenyewe ndilo linalokanyaga sakafu. Kiatu kikawa chepesi, mguu ukakaribia ardhi, na hata ule mlio wa soli kukwaruza mbao ukapotea. Kwenye sakafu safi, povu laini hujilaza na kuugusa uso mpana kuliko mpira mgumu, ndiyo maana linang'ata namna ile. Mtu hupiga breki mguu ukasimama papo hapo, bila ile nusu hatua ya kuteleza.

Ulaini huohuo ndio unaoliua nje. Povu ni mapovu madogo yenye kuta nyembamba, na saruji ni msasa. Mpira mgumu hukwaruzwa pole pole. Povu huchanwa ukuta kwa ukuta. Tena saruji ya pwani iliyokaa miaka juani hupukutika juu, simenti ikaliwa na upepo wa bahari, kokoto zikachomoza. Geuza Flow iliyochezewa uwanja wa namna hiyo kwa muda. Katikati ya wayo, pasipogusa ardhi, mistari bado ni mikali kama siku ya dukani. Chini ya dole gumba pamekuwa kipara, panakwaruza ukipapasa kwa kidole, na pembeni yake punje nyeupe za mchanga zimezama ndani ya povu, hazitoki hata kwa mswaki. Upande wa nje wa kisigino umelika kwa mshazari. Mguu unaotangulia kuisha ni ule wa kurukia, ambao kwa anayefunga kwa mkono wa kulia ni wa kushoto. Mistari ikishaisha chini ya dole gumba, kiatu hicho kimekufa kwa basketi. Kitembelee tu.

Hakuna fundi wa kukifufua. Mafundi wetu wa viatu ni hodari. Kubandua soli na kubandika nyingine kwao ni kazi ya asubuhi moja. Lakini Flow haina pa kubandulia, kwa kuwa soli ya kati na ya chini ni kitu kimoja, na mpira uliobandikwa juu ya povu laini hautulii: povu linajikunja, mpira haujikunji kwa kiasi kilekile, gundi inakatika kuanzia kwenye ncha. Akishona kwa uzi wa nailoni kuzunguka ukingo, ndiyo mbaya zaidi. Yale matundu ya sindano yanakuwa mstari wa kuchania, kama wa kwenye stampu.

Kwa upande wa mpira, matoleo saba ya kwanza hayalingani. Curry 1 ina mistari ya zigizaga chini, soli inayoshika vizuri hata palipo na vumbi, ila sasa imevuka miaka 10 na kinachoiua ni gundi. Curry 2 ni kiatu kizuri, na toleo lake jeupe la chini la 2016 ndilo lililochekwa sana mtandaoni ati ni kiatu cha wauguzi. Kwa kucheza halina kasoro iliyostahili kicheko kile. Curry 3 ina bamba la kaboni chini ya upinde wa wayo, ngumu kidogo kwa mtu mwepesi. Curry 4 ina kola ya kufuma kama soksi, na mwenye mguu mpana atahangaika kuuingiza. Ya 5 naipita. Curry 6 na 7 zilitoka kuanzia 2019, povu lao la HOVR bado lina uhai kwenye jozi iliyotunzwa, na ndizo ninazozielekezea mtu wa saruji. Zile 3Z hazina sifa ya kujivunia barazani, lakini soli yake ni ya mpira, na kwa mwanafunzi anayecheza kila jioni hilo linatosha.

Kwa bei, Curry 8 mpya ilitoka kwa dola 160, ambazo ni zaidi ya shilingi 20,000 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa hiyo jozi ya toleo hilo inayoitwa mpya kwa bei ya jozi mbili za ndala, inakueleza yenyewe ni kitu gani. Curry 1 ilitoka kwa dola 120.

Kwenye mtumba, fika mapema siku marobota yanapofunguliwa, na usiombe bei kabla hujakagua. Muuzaji atasema, "Kaka, hii kamera, haijagusa sakafu," yaani ni mtumba wa daraja la kwanza. Mwitikie kwa adabu: "Sawa, ndugu yangu, nipe na ya pili nitazame wayo." Viatu viwili vya jozi moja huweza kuwa na maisha tofauti, na mara nyingine si jozi hata kidogo. Linganisha lebo za ndani ya ulimi: namba ya toleo iwe moja, saizi iwe moja.

Anza na gundi. Shika ncha ya mbele, dole gumba moja juu na jingine chini, uivute kidogo kama unayefunua kurasa mbili za kitabu zilizoshikana. Fanya hivyo pia upande wa ndani, kwenye upinde. Ukisikia mlio mkavu wa kutatuka, gundi imeshakauka, na kiatu kitafunguka mdomo wiki ya kwanza. Hili silo la kukuzuia kununua soli ya mpira, maana linatibika. Ni la kukushushia bei.

Kisha kikunje. Kiatu kizima hukunjika penye mzizi wa vidole. Kikikunjika katikati ya wayo, kile kiunzi cha ndani kimevunjika, na kwa Curry 3 ina maana bamba la kaboni limekatika. Kiache. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma, usawa wa macho: kikiegemea ndani au nje, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake na povu limeshalala upande huo, nawe utaurithi mwendo usio wako pamoja na maumivu ya goti.

Ingiza mkono kwenye kisigino. Kitambaa kikiwa kimetoboka hapo, mguu utakuwa unapanda na kushuka na kukutoa malengelenge. Toa soli ya ndani, unuse. Harufu ya ukungu ina maana kilikaa na unyevu, na unyevu ndio adui wa gundi kuliko kuchezewa. Jihadhari na kilicho cheupe kupita kiasi: wengine huviosha kwa dawa ya madoa na kuvianika juani, vinapendeza macho na gundi inakuwa imechomwa.

Kuna wanaoogopa raba zote za zamani kwa kuwa wameona Jordan ya miaka mingi ikimeguka kama mkate mkavu. Ule ni ugonjwa mwingine. Soli yake ya kati ni ya poliyurethani, na aina hiyo ya povu hunyonya unyevu wa hewani, minyororo yake ikakatika ndani kwa ndani, hata ikiwa ndani ya boksi haijavaliwa. Hewa ya Mombasa inaiharakisha. Curry kwa kawaida haipukutiki hivyo. Povu lake hukauka na kulala. Jaribio ni rahisi: bonyeza ubavu wa soli ya kati kwa kucha ya dole gumba, uhesabu moja, uachie. Alama ikirudi upesi, povu li hai. Ikibaki bonde, limekufa, na kishindo chote cha saruji kitaishia kwenye goti na kiuno.

Feki za Flow ni nyingi sasa. Flow halisi haina mstari wa kuungana kati ya povu na soli, na ukiipitisha kiganja inashikashika kama mpira wa kufutia penseli. Feki huwa ni povu la ndala lililochorwa mistari: inateleza kwenye kiganja, inang'aa, na kucha huacha alama. Tazama pia gundi iliyomwagika pembeni, na saizi moja iliyochapwa kwenye kila jozi ya meza.

Saizi usiiamini kwa mazoea. Pima mguu jioni, ukiwa umevimba kidogo kwa mchana kutwa, umesimama, kisigino kimegusa ukuta, na soksi utakayochezea. Pima miguu yote miwili na uchukue mrefu. Kisha tazama namba ya CM kwenye lebo, uachane na ya Ulaya na ya Marekani ambazo hubadilika kwa kila kampuni. Mguu wa sm 26.5 utafute lebo ya 27 au 27.5. Kilichobana dukani hakitalegea uwanjani; saa moja ya kukimbia huuvimbisha mguu, na kucha za dole gumba zitakuwa nyeusi.

Kama gundi ya soli ya mpira imefunguka, mpelekee fundi na usimame uione kazi, au uifanye mwenyewe. Fungua sehemu yote iliyolegea, usiache nusu. Kwangua gundi ya zamani kwa kisu butu, kisha msasa pande zote mbili mpaka mng'ao uishe, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi mfu. Futa vumbi na mafuta, acha pakauke. Paka gundi ya viatu nyembamba pande zote mbili na ungoje dakika 10 hadi 15, mpaka ikiguswa kwa kidole inanata bila kutoa uzi. Hapa ndipo wengi huharibu: wanabandika ingali majimaji, dawa inabaki ndani, soli inatoka siku ya tatu. Ipashe moto kidogo, bandika kuanzia ncha ukielekea kisigino ili hewa isinaswe, bana kwa mpira wa baiskeli ulioukata, na kisiguswe kwa saa 24. Kwenye soli ya mpira, mshono wa ukingoni juu ya gundi ni nyongeza nzuri.

Kutunza kiatu Mombasa ni kazi ya kila siku, na hapa ndipo jozi nyingi hufia. Jasho la hapa halikauki lenyewe, hasa mwezi wa tano mvua ikiwa imekaza. Ukitoka uwanjani, fungua kamba zote, toa soli ya ndani uisimamishe pembeni, jaza gazeti ndani ya kiatu, ulibadilishe baada ya saa mbili likishalowa. Kikauke kivulini penye upepo. Kwenye mabati la, juani la, nyuma ya friji la. Joto hulegeza gundi na hugandisha povu. Jozi mbili zinazopokezana hudumu kuliko maisha ya jozi mbili zinazovaliwa moja baada ya nyingine, kwa sababu kila moja hupata siku nzima ya kukauka na povu kurudi.

Mara moja kwa wiki futa chumvi. Utaiona, ni ile mistari myeupe inayojichora ubavuni kama alama za maji kupwa ufukweni. Ni jasho lililokauka, na hukata nyuzi za kitambaa. Kitambaa kilicholowa maji baridi na sabuni kidogo kinatosha. Usizamishe kiatu kwenye beseni usiku kucha.

Anayecheza ndani na Flow ana sheria moja zaidi: kiatu kisitoke nje. Abebe mkononi, avae mlangoni. Hatua mia za barabarani zinatosha kujaza vumbi kwenye mistari, na Flow yenye vumbi hupoteza mng'ato wake upesi kuliko mpira. Kitambaa chenye unyevu kiwekwe kando ya benchi, nyayo zifutwe kila mapumziko. Kupangusa kwa kiganja, kama tunavyoona kwenye televisheni, kunasaidia kwa mchezo mmoja au miwili tu.

Kamba nazo zina namna. Kisigino kikipanda, usikaze mbele. Utakata damu ya vidole. Tumia tundu la mwisho la juu: pitisha kamba kutoka nje kuingia ndani ya tundu hilo upande uleule ili itengeneze kitanzi, fanya hivyo pande zote mbili, kisha vusha kila kamba iingie kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta chini, ufunge. Kisigino kitakaa. Kwa aliyevaa kifungio, kitanzi hicho ndicho kinachozuia kiatu kuzunguka mguuni anapokata kona.

Novemba 2025 ilitangazwa kwamba Curry na Under Armour wanaachana, na Curry 13 kuwa ya mwisho kutoka kwao. Tayari kuna wanaoshauriana wanunue jozi tatu nne waziweke. Kwa kuweka ukumbusho, sawa. Kwa kucheza, hapana: gundi na povu huzeeka ndani ya boksi, na kabati la nyumba ya Mombasa lina unyevu kuliko ghala lolote la Ulaya. Nunua ya msimu mmoja, na ikikaa zaidi ya wiki bila kuvaliwa, toa karatasi za dukani, weka gazeti kavu, acha boksi wazi mahali penye hewa.